Ndoo Sita za Nyongeza

Nyinyi vijana wa Rungwe Mpya mliokuja juzi kibarazani kwangu na maharage ya sampuli ndani ya mfuko wa rambo, haya ninayaandika kwa ajili yenu, na kwa wenzenu watakaokuja baadaye, maana koo langu limechoka kusimulia jambo moja mara kumi. Mlisema mmepata mteja ng'ambo. Mlisema ni mchongo wa uhakika. Nikawauliza, atalipaje? Mkatazamana. Mmoja wenu akasema, "Bibi, jamaa yuko vizuri kabisa, tumechati naye muda mrefu." Wallahi nilicheka mpaka ushungi ukanivuka. Kuchati si kulipwa, wanangu. Hata mie nikiwa msichana niliandikiwa barua nyingi sana na watu ambao hawakuleta posa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Benki ilinileta Kasulu nikiwa bado mbichi, nikaambiwa ni miaka miwili tu, halafu nitarudishwa pwani. Loh! Nimestaafia hapahapa, nimejenga hapahapa, na Kiha changu bado kinawavunja mbavu watoto wa jirani. Wananiita Mama Benki. Watu hudhani mtu wa benki kazi yake kuhesabu noti, lakini noti nilizihesabu mwanzo mwanzo tu. Miaka yote iliyobaki nilikuwa nasoma hati za watu wanaouza vitu nje: kahawa, maharage, nta, asali. Wanasema fuata nyuki ule asali. Mie nimefuata nyuki nikala karatasi.

Njia za kulipwa na mtu wa ng'ambo ni nne, na zote mnazijua ila hamjui kama mnazijua. Ya kwanza, mnunuzi alipe kabla. Tamu kwenu, lakini naye ana akili zake, hakubali mpaka awe anawaamini sana au ana shida sana. Ya pili ni kinyume chake: mnatuma mzigo halafu mnasubiri huruma yake. Pale sokoni mnaiita mali kauli. Mali kauli kwa mama lishe ambaye mnajua mpaka kwa shangazi yake ni sawa, lakini mali kauli ya kuvuka bahari, akigoma mtamfuata kwa basi gani? Ya tatu, benki inawabebea hati. Mzigo unakwenda kwa meli, hati zinakwenda kwenye benki ya kule, na mnunuzi hapewi mpaka alipe, au asaini kwamba atalipa siku fulani. Bila hati hutoi mzigo bandarini. Nzuri hiyo, ila akiamua hazitaki tena, mzigo wenu unakaa kwenye bandari ya watu, na ushuru wa kukaa unapanda kila siku.

Ya nne ndiyo iliyonisomeshea watoto: barua ya ahadi. Kule makao makuu wanaiita elsii. Benki ya mnunuzi inawaandikia kwamba mkileta hati hizi na hizi, zinazosema hivi na hivi, kabla ya tarehe fulani, benki yenyewe italipa, mnunuzi apende asipende. Vijana wakisikia "apende asipende" wanaanza kushangilia. Ngojeni kwanza. Rudini hapo kwenye "zinazosema hivi na hivi", kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wazima wakilia.

Kazi hii nilifundishwa na Bwana Msuya, wa tawi letu la Kigoma mjini, Mpare mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Alisoma hati akiwa amesimama, ati ukikaa unasinzia, na rula ameilaza chini ya mstari anaousoma. Akimaliza, anairudia kutoka chini kwenda juu. Nikamuuliza siku ya kwanza, bosi, mbona unasoma kinyumenyume? Akapiga meza kwa rula. "Kwa sababu jicho ni vivu! Likijua kinachofuata, haliangalii tena!" Mpaka leo hata kadi ya mwaliko wa harusi naisoma hivyo. Na neno lake kubwa lilikuwa hili: benki haina pua. Asali yako inaweza kunukia mpaka barabarani, benki haiisikii. Ina macho tu, na macho yenyewe yanatazama karatasi. Barua ikisema mapipa, ukileta hati inayosema madebe, hulipwi, hata kama asali ni ileile na mnunuzi ni mjomba wako.

Enzi zake ujumbe ulikuja kwa teleksi, mashine inagonga ofisi nzima hamsikilizani. Sasa hivi unaingia kwenye kompyuta kimya kimya, wala hujui mpaka mtu akwambie. Mambo yamebadilika sana, ila rula yangu sikuiweka chini mpaka siku ninaaga.

Mtu wa huku ana makosa yake ya peke yake, ambayo Bwana Msuya hakuyajua. Kuna mfanyabiashara mmoja wa maharage hapa Kasulu, mzee wa heshima, wazazi wake walikimbia kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alikuja benki na hati ya shehena. Mjue, hiyo ndiyo karatasi ya kampuni ya meli inayosema mzigo umepakiwa. Mwenye hati halisi mkononi ndiye mwenye mzigo. Na nyuma yake lazima isainiwe ndipo mwingine aweze kuchukua mali. Basi mzee akaitoa kwenye koti kwa mikono miwili, inang'aa. Ameipiga leminesheni! Mbele na nyuma! Nikashika kichwa. "Mzee wangu, tutasaini wapi sasa?" Naye ananishangaa mie. "Mama, mimi karatasi zangu zote naziweka plastiki. Baba yangu alizungushwa miaka kwa sababu karatasi yake ililowa mtoni." Ningemgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Kampuni ya meli ikatoa nyingine, baada ya viapo na kuzungushana kwingi. Msicheke sana. Nendeni mkatazame makabati ya wazazi wenu.

Lakini nililotaka kuwaambia hasa ni la Mama Bukuru wa Murungu.

Murungu mnaijua, kule Kibondo. Mama Bukuru alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, mwanamke mfupi, mweusi tii, haongei haraka. Wazazi wake nao walitoka Burundi, yeye akazaliwa huku, akaishi nusu ya maisha yake bila karatasi yoyote yenye jina lake. Alipopata uraia na baadaye shamba, akapewa hati ya kimila ya shamba hilo, alikuja kunionyesha kana kwamba ni mjukuu. Sasa hati hiyohiyo ndiyo aliyoiweka rehani kwetu. Kikundi kilipata mnunuzi wa asali kule Ulaya, kwa elsii, mapipa sitini. Mapipa yenyewe safi, ya kuwekea chakula, yalihitaji kununuliwa, pamoja na lori na vipimo vya maabara. Kikundi hakikuwa na kitu. Mama Bukuru akasema, shamba langu lipo. Na asali akaikusanya kwa mali kauli, nyumba kwa nyumba, kila mtu akiambiwa, "Subiri, mzungu akilipa na wewe unalipwa." Kwa hiyo mambo yakiharibika, shamba linakwenda, na Murungu yote inamdai yeye.

Nikawa namwambia kila akija: Mama Bukuru, barua inasema mapipa sitini ya asali. Usipunguze, usibadilishe. Anaitikia, "Ego, mama. Ego." Ndiyo, ndiyo. Wala hakunidanganya. Hakupunguza chochote!

Siku alipoleta hati nilijua kwa furaha yake tu. Lori limefika Dar salama, kontena limefungwa, meli imeondoka. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Tukasalimiana ile salamu ndefu ya huku, makofi taratibu, habari za watoto, habari za mvua, kisha nikasimama na rula yangu. Ankara, mstari wa kwanza, sawa. Mapipa sitini, sawa. Nikashusha rula. *Ndoo sita za asali, zawadi, bila malipo.*

"Mama Bukuru, hizi ndoo ni za nini?"

Akatabasamu. "Ni nyongeza, mama."

"Nyongeza gani?"

"Kha! Nyongeza! Mtu amenunua mapipa sitini, unamwacha aende hivihivi? Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Tulichagua asali nyeupe, ile nzuri kabisa. Hata watoto hatukuwapa."

Nikaenda kwenye hati ya shehena. Mapipa sitini na ndoo sita. Kijana wa wakala wetu wa mizigo wa Dar aliandika alichokiona kwa macho yake, hana kosa. Cheti cha asili, kile kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, ndoo sita. Kila mahali ndoo sita. Nikakaa, mimi ambaye huwa sikai nikisoma.

Wanangu, sheria za elsii dunia nzima ni kwamba kitu ambacho barua haikukitaja hakitakiwi kuonekana kwenye ankara, hata kama ni cha bure. Ndiyo. Hata kama ni zawadi. Ukitaka sababu, iko: kila kitu kinachoingia nchi ya watu kina kibali chake na ushuru wake, na benki haitaki kujua nani anampenda nani. Inalinganisha tu. Nikapiga simu makao makuu, Dar, kwa wakubwa wa hati. Nikajibiwa kwa neno moja: zitakataliwa.

Nilipomweleza Mama Bukuru, akaniuliza, "Kwa hiyo nimekosa kwa sababu nimetoa?"

"Hujakosa wewe. Hati ndizo zimekosa."

"Ningeiba ndoo sita ingekuwaje?"

"Ingekuwa hivihivi."

"Yewe wee," akasema, akaangalia chini. Nami nilikasirika. Si kwake. Nilikasirika kwamba mtu anaweza kupoteza shamba kwa sababu ya ukarimu, na niliapa moyoni kwamba mie nikiwa kwenye kiti hiki, halipotei.

Tukaanza na njia rahisi. Mnunuzi anaweza kuiambia benki yake irekebishe barua, iongeze maneno machache: na ndoo sita bila malipo. Tukampigia. Alifurahi mno, akasema asante mara nyingi, zawadi nzuri sana, marekebisho yatakuja. Tukangoja. Hayakuja. Tukapiga tena, asante tena. Ngojangoja huumiza matumbo, na barua ya ahadi ina siku zake; hati zisipofika kwa wakati, ahadi inakufa. Mwishowe ikaja barua pepe. Ameshauriana na wenzake. Kwa kuwa hati zina kasoro, yuko tayari kuzipokea na kasoro zake, kwa masharti kwamba bei ipunguzwe theluthi.

Theluthi! Kwa sababu ya zawadi aliyopewa yeye!

Meneja wetu wa tawi hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha Mama Bukuru ofisini, akampa soda, akamwambia kwa upole, "Mama, nusu shari kuliko shari kamili. Chukua hizo, uwalipe watu kidogo kidogo. La shamba tutalizungumza." Mie najua lugha ya benki. "Tutalizungumza" maana yake tangazo la mnada litabandikwa kwanza. Na hata Mama Bukuru alijua, kwa sababu alipiga hesabu palepale kwa vidole na kuona kwamba kwa bei hiyo Murungu haipati hata ile aliyokuwa anatoa mlanguzi wa zamani, yule anayekuja na mzani wake mwenyewe.

"Oya," akasema. Hapana.

"Mama, fikiria vizuri."

"Oya, baba. Nimefikiria. Asali si mbovu. Sikatwi." Akasukuma ile soda mbele, hata hakuinywa.

Tukatoka nje. Nikamwambia nipe siku moja. Nikarudi mezani, nikasoma hati zote tena, kutoka chini kwenda juu. Ankara ni yetu, tunaweza kuandika nyingine. Orodha ya vifurushi ni yetu. Cheti cha asili kinaweza kutolewa kingine. Kikwazo ni kimoja tu, hati ya shehena, kwa sababu hiyo ni ya meli, na meli iko baharini na ndoo zimo ndani, hakuna wa kwenda kuzitoa. Lakini nikajiuliza, kwani nani amesema ndoo na mapipa lazima vikae kwenye hati moja? Nikampigia wakala Dar. Akasita, kisha akasema inawezekana. Ukirudisha hati za shehena zote tatu halisi, maana kwa mzigo mmoja hutolewa tatu, kabla meli haijafika, kampuni ya meli inaweza kuzifuta na kutoa seti mbili: moja ya mapipa sitini, nyingine ya ndoo sita. Ya mapipa iende benki, ya ndoo iwe na safari yake.

"Wanafanya haraka?" nikauliza.

Akacheka. "Mama, kwa hao? Mpaka usimame mlangoni kwao."

Basi tutasimama. Niliomba likizo. Meneja akaniuliza likizo ya nini, nikamwambia naenda kuwaona ndugu zangu wa pwani, na kweli Dar ina binamu zangu. Tukapanda basi la alfajiri, mie na Mama Bukuru, hati tatu halisi zimefungwa ndani ya kanga kiunoni mwake. Alikataa katakata kuziweka kwenye mkoba. Njia nzima alikula muhogo wa kuchemsha na hakulala, kila tukisimama anajishika kiuno. Tulipopita Tabora nikamwambia, "Lala kidogo basi, nitakuangalizia." Akasema, "Mama Benki, nikipoteza hizi, nitarudi Murungu kwa uso upi? Bora nibaki hukuhuku."

Ofisi ya kampuni ya meli ilikuwa ya vioo, baridi ya kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Binti wa mapokezi akatusikiliza vizuri tu, akasema maombi ya aina hiyo yanachukua muda, tuache hati, turudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Barua ya ahadi ingekuwa imeshakufa na kuzikwa. Nikaanza kufoka, nakiri nina mdomo. Nikasema mambo ya Tanga na ya Kasulu kwa pamoja. Binti akafunga uso, na nikaona tumekosa.

Mama Bukuru akanigusa mkono. Akaenda mbele ya yule binti, akainama, akaanza kumsalimia. Salamu ya kwao, yote, makofi taratibu, mwakeye, umeamkaje, wazazi hawajambo, watoto je, kazi je. Yule binti akakwama. Huwezi kuiacha salamu hiyo katikati, inakusubiri uitikie. Akaitikia. Kisha Mama Bukuru akakaa kwenye kiti cha wageni. Akapita mlinzi, mama akasimama, akamsalimia yote. Akapita mhasibu na kikombe cha kahawa, akamsalimia yote, kahawa ikapoa. Kesho yake tulifika kabla hawajafungua, akawapokea mlangoni mmoja mmoja kwa salamu. Hakulalamika hata neno. Hakuomba. Ila hapakuwa na mtu wa ofisi ile aliyeweza kupita kwenda popote bila kuulizwa habari za mama yake. Mie pembeni nacheka chini chini kwa ushungi.

Kabla ya adhuhuri akatoka mkubwa wao, amevaa tai, amekwisha kusalimiwa mara mbili. "Huyu mama anataka nini?" Binti akaeleza haraka haraka, sasa akiwa upande wetu. Mkubwa akasoma. Akaniuliza maswali matatu ya maana, nikayajibu. Akasema, "Leteni hizo halisi." Mama Bukuru akageukia ukutani, akafungua kanga, akazitoa zina joto la mwili. Tulizipata seti mbili kabla ofisi haijafungwa, wino haujakauka sawasawa.

Msidhani tukaenda kupumzika. Kuna cheti cha asili cha kubadilisha, kuna ankara mpya, kuna orodha mpya ya vifurushi, na uzito! Uzito wa ndoo lazima uondolewe kila mahali, jumla ziafikiane. Hapo ndipo wengi huponzeka: wanasahihisha neno, wanasahau tarakimu. Niliomba meza makao makuu, nikasimama na rula, juu kwenda chini, chini kwenda juu. Wakubwa wa hati wakasoma nyuma yangu. Hawakupata kitu. Zikapelekwa ng'ambo kwa ndege, na ahadi bado hai, ingawa ilikuwa inakata roho.

Halafu kungoja. Benki ya kule ina siku zake za kazi za kuzisoma na kusema ndiyo au hapana. Mama Bukuru akarudi Murungu, na huko watu walikuwa wameshaanza. Mmoja alimwambia hadharani kanisani kwamba Warundi hawaachi kula vya watu. Aliyesema hivyo mwenyewe babu yake ni wa ng'ambo ya mto! Yeye akanipigia simu, sauti imekauka, "Mama Benki, wameanza kwenda kulipima shamba kwa macho." Nilisema tu kwamba hati zetu ni safi, na kwamba benki haina pua. Akasema hajui nasema nini, ila amefurahi kunisikia. Katikati ya hayo mnunuzi akaandika tena: je, tumeafikiana ile theluthi? Sikumjibu. Benki yake ilikuwa inasoma, na sasa haikuwa na pa kukataa.

Ujumbe ukaja asubuhi ya siku ya soko. Mtu wa kompyuta akaniita, nikausoma mara mbili, juu chini, chini juu. Hati zimekubaliwa. Malipo kamili. Nilimpigia Mama Bukuru nikamwambia njoo tu, sikusema zaidi, maana nilitaka kumwona. Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, hakusalimia mtu. Siku hiyo tu.

"Imeingia," nikasema.

"Theluthi imekatwa?"

"Haijakatwa hata senti. Yote."

Akashika kaunta. Akachuchumaa polepole mpaka chini, mikono kichwani, akasema, "Imana ishimwe, Imana ishimwe," Mungu asifiwe, mara nyingi sana. Nilizunguka kaunta nikachuchumaa naye nikalia, meneja ananiona, wateja wananiona, na wala sikujali. Tukalipa deni la mapipa palepale. Hati ya shamba niliitoa kabatini kwa mkono wangu nikampa, na akapitisha kidole chini ya jina lake herufi kwa herufi, akaikunja, akaiweka kifuani.

Kisha akauliza, "Na ile karatasi ya ndoo iko wapi?"

Tulikuwa nayo. Bila ile, ndoo sita zingekaa bandarini Ulaya, mnunuzi asiziguse. Meneja akacheka, akasema, "Mama, hiyo shikilia! Huyu bwana alitaka kukunyonya. Aikose asali nyeupe, ajifunze."

"Oya," Mama Bukuru akasema. "Mtumieni. Murungu tulishasema tumempa." Akajifunga kanga vizuri, akavuta kiti mpaka mezani kwangu, akakaa, kwa mara ya kwanza bila kuambiwa akae. "Ila umwandikie barua, Mama Benki, kwa Kiingereza chako kile kizuri. Mwambie asali ya msimu ujao ipo, bei imepanda theluthi."

Nikaandika. Alijibu kabla Mama Bukuru hajapata basi la kurudi: amekubali.